Kihispania cha Mama Nekesa

Nekesa amerudi. Yuko jikoni kwangu hapa Njiru, anakata vitunguu, na kila vinapomwasha macho analalamika kwa Kihispania. Wanangu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Hawajawahi kumwona mwanamke wa Kibukusu akigombana na kitunguu kwa lugha ile. Wanaponigeukia na kuniuliza anasema nini nawajibu papo hapo, bila kufikiri, nao wananitazama upya, maana wamekaa nami maisha yao yote na hawakujua kwamba mama yao anaelewa Kihispania. Sikuwaambia. Mama Nekesa tulimzika mwaka juzi, bintiye hayupo, na baada ya mazishi yale niliapa sitaki hata kusikia lugha hiyo redioni. Sasa imeingia jikoni kwangu na kushika kisu, na sina budi kueleza nilikoipata.

Niliipata mwaka ule tuliokuwa tukiishi Kware, mimi na Nekesa, wasichana wawili waliomaliza shule na kukosa cha kufanya. Ghorofa zilikuwa zimeanza kuota pale kila upande, kila mwenye ploti anapanda juu kumfungia mwenzake jua. Chumba chetu kilikuwa na kitanda kimoja, jiko la mafuta ya taa na dirisha lililotazama ukuta wa jirani, karibu hivi kwamba ungeweza kumwomba chumvi bila kutoka nje. Akatokea mtu na maneno matamu ya kazi ng'ambo, akampa Nekesa tiketi na begi, na Nekesa akakamatwa uwanja wa ndege wa nchi moja ya Amerika ya Kusini ambayo sina haja ya kuitaja. Alijua kilichokuwa ndani ya begi au hakujua? Watu wameniuliza swali hilo miaka yote, na jibu langu ni lile lile: kamuulizeni mwenye begi. Mimi nilichojua ni kwamba kitanda kilikuwa kipana ghafla, na kwamba mama yake, aliyeishi peke yake katika chumba cha nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, alikuwa amekoma kulala.

Gereza liliruhusu simu Jumapili alasiri, kwa nambari moja iliyoandikishwa, na nambari hiyo ilikuwa ya mama yake, ambaye nami nilimwita Mama. Simu ya kwanza Nekesa aliita, Mama akaitika, wakaanza wote wawili kulia na kusema kwa lugha yao, na laini ikakatika. Tukadhani ni mtandao. Jumapili iliyofuata ikawa vile vile. Halafu afisa mmoja wa huko, mwenye Kiingereza cha kuokoteza, akapiga na kunikuta mimi nimeshika simu, akanieleza sheria: mlinzi husikiliza kila mazungumzo, na kwa hiyo mazungumzo yote yawe kwa Kihispania. Kosa moja zaidi, Nekesa hatashika simu tena mpaka amalize kifungo. Na kifungo chenyewe, jamani, kilikuwa kirefu kuliko umri wa watoto wengi pale plotini.

Nilipomweleza Mama, alimimina chai, akaniwekea sukari bila kuniuliza. Kisha akasema, "Aisha, wewe ndiye kichwa chako kilikuwa chepesi shuleni. Nisomee lugha hiyo, mwanangu. Nataka kuongea na mtoto wangu." Mimi ni mtu wa hasira, sikatai, lakini mbele ya mwanamke yule hasira yangu haikupata pa kukaa. Nikamwambia nitaisoma. Sikujua Kihispania kinaanzia wapi.

Mwalimu nilimpata kwa kuuliza uliza. Aliitwa Perpetua. Alikuwa mtawa zamani, akakaa miaka mingi katika nyumba ya watawa huko Uhispania, kisha akauvua utawa kwa sababu ambazo hakuwahi kunipa, na sasa alikuwa na shule ya chekechea katika vyumba viwili vya mabati nyuma ya Kware. Watoto wakienda nyumbani, mimi ndiye nilikaa kwenye kiti kile cha mtoto, magoti yakinigusa kidevu, chumba kinanuka uji na chaki na soksi. Ukutani palikuwa na picha ya ng'ombe na picha ya embe. Mwalimu alizifuta herufi a-e-i-o-u ubaoni, akaandika mikia mitatu: -ar, -er, -ir. Akasema, "Kila kitenzi cha watu wale kina mkia mmoja kati ya hii. Tunaanza na wa kwanza. Hatugusi wa pili mpaka wa kwanza utoke mdomoni kama jina lako."

Nilielewa haraka kidogo, kwa sababu hata sisi Waswahili tuna kitu kama hicho na hatukijali. Vitenzi vyetu vingi vinaishia na a: penda, lala, kula. Kisha kuna wale wageni waliotujia wakazoea nyumbani, rudi, jibu, samehe, ambao hawakubali kubadilishwa mkia: hapendi, lakini harudi ni yule yule rudi. Tofauti ni kwamba sisi mwenye kitendo tunamtanguliza. Ni-napenda, a-napenda, unamwona mtu mlangoni kabla ya kazi yake. Wao wanamfungia nyuma. "Hablo" ni mimi ninayesema, "hablas" ni wewe, "habla" ni yeye, "hablamos" ni sisi. Lazima usikilize mpaka mwisho ndipo ujue ni nani. Nilitembea nao barabarani wale wa kundi la kwanza, nikiwasema kwa sauti: kufanya kazi, kufua, kuimba, kuuliza, kungoja, kulia, kuita. Vijana wa pale Kware wakiniona wanaulizana, "Niaje, huyu msupa amewaka?" Walidhani nimelewa, nami sikuwa na nafasi ya kuwajibu.

Jumapili ya kwanza niliyojiona naweza, tuliketi kitandani kwa Mama, simu katikati yetu, spika imefunguliwa. Kwa Mama palikuwa pamekolezwa usafi wa kutisha: vitambaa vya kushona kwenye kila kiti, sufuria zimesuguliwa kwa majivu zimepangwa kwa ukubwa, na ugali na sukumawiki vimefunikwa mezani, maana Mama aliamini huwezi kuongea na mtu wa mbali ukiwa na njaa. Simu ikalia. Nikasema "Habla Aisha", na upande wa pili nikasikia pumzi ikikatika, kisha Nekesa, kwa Kihispania cha haraka kuliko changu, kwani wafungwa wenziwe walikuwa wamemfundisha kwa lazima. Nikamwambia mama yake anamngoja. Nikamuuliza kama anafanya kazi. Akasema anafua na kupiga pasi, na Jumapili wanaimba. Nikaziba simu kwa kiganja, nikamtafsiria Mama, naye akaitikia kwa kichwa kila neno akilitafuna. Kisha akaniuliza lile ambalo mama yeyote angeuliza kwanza: "Anakula?"

Nikakwama. Kula ni kundi la pili. Nikasaka kichwani mwangu mote, nikapata kupika tu, ambacho ni cha kwanza. Nikamuuliza Nekesa kama anapika. Akasema, "No. Aquí no cocinamos." Hapa hatupiki. Nikamtafsiria Mama kama nilivyosikia, na uso wake ukaanguka. Hawapiki, basi wanakula nini? Na analala? Nako kulala ni kundi la tatu. Mlinzi akasema muda umekwisha, laini ikakatika, na Mama akabaki ameutazama ule ugali uliofunikwa mpaka ukawa baridi. Hakuula. Nami sikuweza kuula mbele yake.

Kesho yake nilimwendea Mwalimu Perpetua nikiwa moto. Nilimwambia watu wake hao wameigawa dunia vibaya, kwamba kufua na kupiga pasi wameviweka mbele, na kula na kuishi na kulala na kufa wamevificha huko nyuma mtu asivifikie. Nilimwambia mama wa watu anakufa kwa swali la neno moja. Akaniambia nikichanganya makundi nitaongea kama mlevi, na mlinzi hatanielewa, na laini itakatwa vile vile. Nikamwambia afadhali mlevi anayeuliza mtu kama amekula. Tulitazamana hapo, kati ya picha ya ng'ombe na picha ya embe, watu wazima wawili juu ya viti vya watoto. Mwishowe akachukua kipande cha chaki, akaandika "comer", na chini yake "vivir".

Alinifundisha yote mawili kwa mpigo, kwa sababu makundi hayo ni kama mapacha. Mimi ninakula, mimi ninaishi: mkia mmoja. Wewe, yeye, wao: mkia ule ule. Hata kwa yaliyokuwa yakitendeka zamani, kundi la kwanza lina njia yake na hawa wawili wana njia moja. Wanaachana mkifika "sisi" na "ninyi" tu: "comemos", lakini "vivimos". Mtu akiwa peke yake huwezi kujua ametoka kundi gani, Mwalimu aliniambia. Ni mpaka awe na wenzake. Nilikuwa nikilala peke yangu katika kitanda cha watu wawili wakati huo, na maneno yale yalinikaa vibaya mpaka nikashindwa kumaliza zoezi.

Basi tukapata Jumapili kadhaa nzuri, kama kuna kitu kizuri katika mambo kama yale. Anakula? Anakula, maharagwe na wali. Analala? Analala, lakini baridi ni kali. Anaishi na nani? Wanaishi wengi chumba kimoja. Mama akacheka kidogo hapo, akasema basi ni Kware tu imehamia ng'ambo. Nilipotafsiri, Nekesa naye akacheka, na mlinzi pia tukamsikia akicheka. Huko plotini, wakati huo, maneno yalikuwa mengine. Kuta za Kware hazifichi kitu. Nikichota maji bombani niliwasikia wanawake wakisema kwamba wafungwa wa huko hunyongwa, kwamba Nekesa alishanyongwa kitambo na mimi ninamdanganya mamake kwa kuongea na hewa. Nilimwagia mmoja ndoo nzima. Keateka, msimamizi wa ploti, akanionya, nikamwonya na yeye.

Kisha ikaja ile Jumapili. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja kusali kwa Mama, chumba kimejaa leso na vitabu vya nyimbo, na mkubwa wao, Mama Wanjala, amekaa karibu na mlango. Mimi Mwislamu nilipewa nafasi yangu kitandani kama kawaida, wakijua kazi yangu. Simu ikalia, lakini hakuwa Nekesa. Alikuwa mwanamke wa ofisi ya gereza. Alisema polepole, wazi, nami nilielewa kila neno, kila mkia: Nekesa ni mgonjwa. Yuko hospitali. Leo hawezi kuongea. Atapiga akipata nafuu. Nikashukuru, nikakata, nikawageukia nikasema kama nilivyoambiwa: "Nekesa ni mgonjwa kidogo. Yuko hospitali. Atapiga akipata nafuu."

Mama akanitazama, akauliza kwa sauti ndogo, "Ni mgonjwa tu?" Nikajibu, "Ni mgonjwa tu, Mama." Na hapo Mama Wanjala akainuka, akaanza kumvua Mama viatu.

Anayetoka kwetu ameshaelewa. Kwetu hakuna anayetangaza kifo kwa simu. Mtu akifa wanakupigia wanasema mgonjwa amezidiwa, yuko hospitali, jaribu uje. Nawe unapanda gari ukijua, na aliyekupigia anajua kwamba umejua, na hiyo ndiyo adabu yenyewe. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa kifo cha mjomba wangu, hivyo ndivyo kila mmoja mle chumbani alivyoambiwa vifo vyake. Nikaona linalokuja, nikapiga kelele kwamba yuko hai, kwamba ni mgonjwa kweli, mgonjwa wa ugonjwa. Wakanikumbatia. Mama Wanjala akaniambia sikioni, "Umesema vizuri, mwanangu. Umemlindia mama yako moyo." Kadiri nilivyokanusha ndivyo walivyonisifu. Kabla jua halijatua viti vyote vya Mama vilikuwa nje, godoro limetandikwa sakafuni na Mama ameketishwa juu yake, hema limefungwa kati ya nyumba zile za kanjo, na picha ya shule ya Nekesa iko mezani na mshumaa pembeni. Wakaanza kuimba. Niliwachukia kwa jinsi walivyoimba vizuri.

Mama hakulia. Hilo ndilo lililonitisha. Alikaa pale godoroni, akiletewa uji akiukataa, akiletewa maji akiyaacha. Nikimwinamia na kumwambia Nekesa yuko hai alinipapasa shavu, kama mimi ndiye niliyefiwa. Na simu yake haikuwepo. Waliichukua ili watu wa pole wasimsumbue, wakaizima, Mama Wanjala akaifunga kwenye pindo la leso yake. Nikawaza: Nekesa yuko kitandani huko, anahesabu afike Jumapili, atapiga nambari ile moja aliyo nayo, na nambari itakuwa imekufa. Nilipiga gerezani mwenyewe kwa simu yangu. Sauti ya mashine ikanimiminia maneno mbio, ikakata. Nikajaribu tena, ikakata. Nilikaa kwenye ngazi za Kware nikalia kwa sauti, na safari hii hakuna aliyenicheka bombani.

Nilimwendea Mama Wanjala kwa upole kwanza, kisha bila upole. Hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza: "Na ikiwashwa na isilie, Aisha, nani atamwinua huyu mama mara ya pili?" Nikaondoka moja kwa moja hadi chekechea, nikamshika Mwalimu Perpetua mkono angali na chaki, nikamvuta. Alikuja na vumbi lake jeupe mpaka chini ya hema. Wengi walimjua kuwa alikuwa mtawa, wakampisha. Akasimama mbele ya Mama Wanjala, akasema kwa sauti ya darasani:

"Nimeishi na watu wenye lugha ile. Nimezika nao. Mtu wao akifa hawazunguki, wanasema amekufa, na wanakupa saa aliyokufa. Wakisema mgonjwa, ni mgonjwa."

Wanawake wakatazamana. Mama Wanjala alifungua pindo, akatoa simu, akaiweka kwenye kiganja changu, akanifunga vidole juu yake.

Jumapili alasiri niliketi godoroni kando ya Mama. Nyimbo zilikuwa zimenyamaza; watu walijazana mlangoni mpaka chumba kikawa giza. Simu ikachelewa sana. Nilijiona mjinga, nikajiona mkatili, na nilikuwa nikimtafuta Mama Wanjala kwa macho ili nimrudishie simu ile, ndipo ikalia. Nikafungua spika. Sauti iliyotoka ilikuwa imekwaruzwa, nzito, ya kikohozi, kama ya mwanamke mzee. Ikasema kwa Kihispania ni yeye, ilikuwa ni mapafu, anaweza kukaa sasa, anakula. Nilimgeukia Mama huku machozi yananitoka, nikitafsiri neno kwa neno, kula na kukaa na kuwa hai.

Mama akatikisa kichwa. "Huyu si Nekesa," akasema. "Mwanangu haongei hivyo. Mmemtafuta mtu, mnanionea huruma. Acheni."

Spika ilikuwa wazi. Nekesa alisikia; labda mlinzi alidhani ni kelele za chumbani, maana hakukata. Nikasema harakaharaka kwa Kihispania, Nekesa, ngoja, nitamweleza, subiri kidogo, na vitenzi vikanitoka vya makundi yote, vimepinda mikia, kama mlevi kweli. Upande ule nikasikia mlinzi tu akikohoa. Sheria tuliijua, na Nekesa aliijua kuliko sisi sote. Alijua miaka iliyobaki, alijua ni simu ngapi zimo ndani ya miaka hiyo. Nikasema, "No, Nekesa." Hakunijibu mimi.

"Mayi," akasema, yaani mama kwa lugha yao. Akasema na jina lake, lile la utotoni ambalo Mama alimwita wakiwa wawili tu, na laini ikakatika.

Mama aliinyakua simu mikononi mwangu. Akaibana sikioni kwa mikono yote miwili, akaanza kuongea kwa lugha yao, haraka, bila kupumua, akiuliza na kujibu, akigomba, akicheka, akilia mwishowe. Sikuelewa hata neno moja. Mwaka mzima nilikuwa mdomo wake, na sasa hakunihitaji. Watu mlangoni walianza kutoka mmoja mmoja. Nje nikasikia Mama Wanjala akiwaambia wafungue kamba za hema. Ilipopita dakika nyingi nilimgusa Mama begani, nikamwambia taratibu kwamba imekatika.

"Najua imekatika," akasema, bila kuiondoa sikioni. "Niache nimalize."